Mwanangu ameanza kuviogopa visa vya mitume

(Barua imefupishwa kidogo. Jina na mtaa tumeviacha.)

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mombasa. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 8. Mdogo ni wa kike, bado ananyonya. Baba yao yuko Doha mwaka wa tatu sasa, ni dereva, huja mara moja kwa mwaka. Hapa nyumbani tuko mimi, watoto na mavyaa wangu, mama wa mume wangu.

Mimi nililelewa kwa bakora. Nyumbani bakora, chuoni (madrasa) bakora. Juzuu Amma nimeihifadhi, alhamdulillahi, lakini mpaka leo nikisoma Surat Abasa kuna aya nikiifikia mkono unanisisimka, maana hapo ndipo nilipokuwa nikikwama na hapo ndipo nilipokuwa nikichapwa. Nilipojifungua nikaweka nia: mwanangu hatapigwa. Nitamfundisha dini yake kwa visa.

Nilianza akiwa na miaka 4. Baada ya Isha tunapanda kitandani, tunazima taa, namsimulia. Nabii Nuhu na jahazi lake, Nabii Yunus tumboni mwa samaki, Nabii Yusuf kisimani. Natazama pia video za malezi ya upole, najitahidi nisipandishe sauti. Na visa vilinisaidia sana. Siku aliyochukua shilingi 20 kwenye kibeti cha nyanya yake akanunulia achari, sikumgombeza. Usiku ule nilimsimulia Nabii Yunus alivyoondoka bila ruhusa na yaliyomfika. Alipogoma kuacha katuni akaswali, nilimsimulia yule mwana wa Nuhu aliyekataa kupanda jahazi. Zamani nilikuwa nikimaliza anasema, "Mama, tena!" Siku hizi nikimwita njoo nikusimulie, ananiuliza kwanza, "Leo nimekosa nini?" Sijui kayatoa wapi.

Kilichotuvuruga hasa ni Idi Kubwa iliyopita. Mbuzi alinunuliwa siku nne kabla, akafungwa uani, na mwanangu ndiye aliyekuwa akimpa majani. Alimpa hata jina. Usiku wa kuamkia Idi nikamsimulia Nabii Ibrahim na mwanawe, ili aelewe kwa nini tunachinja. Nilisimulia vizuri, nikafika mpaka kisu kilipowekwa shingoni. Akanyamaza tu. Asubuhi mbuzi akachinjwa naye anaona. Mchana baba yake akapiga simu ya video kutupa mkono wa Idi, mtoto akaishika simu kwa mikono miwili, akamuuliza: "Baba, na wewe ukiota, utanichinja?" Baba yake akacheka sana, akawaita wenzake waje wasikie, halafu mtandao ukakatika. Mavyaa akasema astaghfirullahi, mtoto gani huyu. Mimi kwa haya niliyoiona nikamwambia, "Nabii Ismail hakuuliza-uliza, alitii." Nyama hakuila.

Tangu siku hiyo analala na mimi, na ameanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka 3. Chuoni hataki kwenda. Ikifika saa kumi, tumbo linamuuma. Baadaye nikapata habari kuwa ustadh alimchapa kwa kusahau sura, na kwamba huwasimulia watoto adhabu ya kaburi huku akipiga fimbo mezani kuwaonyesha nyundo itakavyoshuka. Mavyaa anasema dawa ni hiyo hiyo fimbo. Anasema Mtume (s.a.w.) mwenyewe ameamrisha wapigwe, mimi namlea mtoto kizungu, visa vyangu ndivyo vilivyomlegeza, na samaki mkunje angali mbichi. Mume wangu akiongea na mama yake anamuitikia, akiongea na mimi ananiitikia.

La mwisho naona haya kuliandika. Wiki iliyopita, saa tisa ya usiku, shuka la pili limelowa, mdogo analia, nikamwambia: "Mungu hapendi watoto wanaokojoa, na malaika wa kushoto anaandika." Hakulia. Alijiviringisha ndani ya shuka lile lile bichi akageukia ukutani.

Sijampiga hata siku moja, lakini usiku ule nilijiona nimefanya baya kuliko kupiga. Je, niviache visa? Nimtoe chuoni? Au mavyaa ana haki, mtoto amekosa fimbo?

Mama aliyechoka, Mombasa

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Umeniuliza maswali matatu, nami nitayafikia. Lakini kwenye barua yako kuna swali la nne, la mtoto, na hilo ndilo lililonikalia kifuani. "Baba, na wewe ukiota, utanichinja?" Nimeipekua barua yote nikitafuta jibu alilopewa. Baba alicheka. Nyanya akaleta istighfari. Wewe ukamwambia Ismail hakuuliza. Watu wazima watatu, na hakuna hata mmoja aliyetamka neno "La". Mtoto wa miaka 8 ameuliza kama baba yake atamuua, na mbuzi aliyempa jina amekwisha kuona alivyofanywa. Mimi sistaajabu kuwa halali peke yake.

Simlaumu baba yake. Mtu aliye mbali na wanawe mwaka mzima, siku ya Idi, akisikia neno kama lile hucheka kwa sababu limemjia ghafla. Wala wewe sikulaumu. Ila kabla hatujafika kwenye fimbo na chuo, jibu lile lipatikane.

Sasa visa vyako. Umeiandika barua kana kwamba nyumba yenu ina pande mbili, huku visa vyako vya upole, kule fimbo ya mavyaa na ustadh, na mtoto kasimama katikati. Nakuomba uitazame tena sentensi uliyoipita haraka: "Leo nimekosa nini?" Unasema hujui kayatoa wapi. Mimi nadhani umeniandikia mwenyewe. Shilingi 20 za achari, usiku wake akaja Yunus. Katuni, usiku wake akaja mwana wa Nuhu akizama. Mtoto ana hesabu zake. Ameona kwamba samaki na mafuriko huja usiku wa siku aliyokosea, na sauti ya mama ikiwa laini mno, kuna jambo. Kisa kimekuwa bakora iliyopakwa asali. Mkono wako haukumgusa, hilo ni kweli na ni kubwa kwa mtu aliyelelewa ulivyolelewa. Lakini pale alipouliza, "Leo nimekosa nini?", alikuwa anakinga makalio.

Huenda nimekosea, wewe ndiye unayekaa naye. Jichunguze tu wiki moja: ni mausiku mangapi umesimulia kwa sababu kisa ni kizuri, na mangapi kwa sababu mchana palikuwa na kesi?

Nakwambia haya nikiwa nimeshika bakora mwenyewe. Nimesomesha watoto chuoni kwa miaka kadhaa kabla magoti hayajanigomea, na wapo watu wazima leo wanaonisalimu kwa adabu huku wakisimama mbali kidogo. Najua sababu.

Kisa cha Nabii Ibrahim ni kisa kizito, na hatukuambiwa tukisimulie chote kwa siku moja. Lakini ukirudi kwenye Surat As-Saffat, aya ya 102, utaona jambo ambalo sisi wasimulizi huliruka tukikimbilia kisu. Ibrahim hakumnyemelea mtoto. Alimwambia alichokiota, kisha akamuuliza: basi tazama, wewe waonaje? Nabii, khalili (kipenzi) wa Mungu, ana amri mkononi, na bado anamtaka rai mwanawe. Na mtoto alipojibu, alianza kwa "ewe baba yangu". Kwa hiyo ulipomwambia mwanao kuwa Ismail hakuuliza-uliza, ulisema kweli nusu. Hakuwa na haja ya kuuliza, aliulizwa yeye.

Tena msikilize Ibrahim anavyomwita: yaa bunayya. Wanaojua Kiarabu watakwambia hilo si "ewe mwanangu" kavu, lina udogo na mapenzi ndani yake, kama sisi tunavyosema "kijana changu". Ndivyo Yaqub alivyomwita Yusuf alipomwambia ndoto yake. Ndivyo Luqman alivyomwita mwanawe, mara tatu katika aya chache. Na Nuhu, maji yamekwisha kupanda, mtoto amekwisha kukataa, bado anamwita yaa bunayya, panda pamoja nasi. Wewe ulikitumia kisa kile kumtisha mwanao kwa ajili ya katuni. Ukikirudia siku moja, jaribu kukisimulia kutoka upande wa baba anayeita. Na mavyaa akisema malezi ya kuita kwa upole ni ya kizungu, mwambie kwa heshima zake zote kuwa hawa wanne hawakutoka Ulaya.

Kwa mtoto aliyekwisha kuogopa, mimi ningekiweka kisa cha kuchinja kando kwa muda. Akikitaja mwenyewe, anza na mwisho wake: Mwenyezi Mungu alizuia, mtoto akarudi nyumbani na baba yake, na ndoto ile ilikuwa wahyi wa Nabii, hakuna baba wa leo anayeletewa. Kisu hakihitaji maelezo.

Nafasi yake weka vidogo. Sulaiman na jeshi lake na yule chungu aliyewaambia wenzake waingie majumbani wasije wakapondwa, na Sulaiman akatabasamu. Yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Abu Umayr, mtoto aliyefiwa na kijindege chake, na Mtume (s.a.w.) akamuuliza habari za kile kijindege. Mwanao amefiwa na mbuzi, mwanangu, na hajaulizwa habari zake na mtu. Ukimaliza kisa, nyamaza. Usiweke "kwa hivyo na wewe". Akitaka kukitolea maana, ataitoa yeye, na pengine itakushangaza.

Kuhusu fimbo. Hadithi anayoitaja mavyaa wako ipo, imepokewa na Abu Dawud: watoto waamrishwe swala wakiwa na miaka 7, na wapigwe kwa ajili yake wakifika 10. Mimi si mtu wa fiqhi, hukumu yake kaiulizie kwa shehe unayemwamini. Ila hata mimi naweza kuhesabu. Mwanao ana miaka 8. Hadithi inazungumzia swala. Kusahau sura haimo, kitanda hakimo. Na kati ya 7 na 10 kuna miaka 3 ya kuamrisha kwa mdomo, ambayo ni swala zaidi ya 5,000. Nani kati yetu amewahi kumwita mtoto kwa wema mara 5,000 kabla hajasema mdomo umeshindwa? Na wanazuoni walioruhusu pigo hilo waliliwekea mipaka: lisiumize, lisiache alama, lisifike usoni, lisiwe la hasira. Anas, aliyemtumikia Mtume miaka 10 tangu utotoni, anasema hakuwahi kuambiwa hata "uff". Ibn Khaldun, mwanazuoni wa historia, katika kitabu chake Muqaddima cha mwaka 1377, ana mlango unaosema ukali unawadhuru wanafunzi, kwamba mtoto anayekandamizwa hujifunza uvivu, uongo na hila kwa kuuogopa mkono. Tumbo linalouma kila saa kumi sijui kama ni maumivu au ni hila. Kwa mtoto wa umri huo mara nyingi ni yote mawili, na maumivu ni ya kweli.

Chuo sasa. Njia zipo kadhaa, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kwenda kuonana na ustadh. Nenda baada ya darasa, wala usianze na lawama. Mwambie mtoto anaamka usiku, umuulize ameonaje huko kwake. Walimu wengi wa chuo hulipwa kidogo, wana watoto 40 kwenye chumba kimoja, na hawajafundishwa njia nyingine isipokuwa ile waliyopitishwa. Wengine hulainika wakiambiwa. Wengine humfanya mtoto kuwa "yule wa mama yake", na hapo utakuwa umemwongezea. Akikujibu kuwa fimbo ni haki yake, basi Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 29, inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na haikusema isipokuwa chuoni. Sikushauri uanze na hilo, lakini lijue.

Unaweza kumhamisha. Hapo utapambana na maneno ya mtaa na ya mavyaa, na mtoto atawaacha rafiki zake. Muulize kwanza anawapenda kina nani pale. Unaweza kumsomesha nyumbani kwa muda, mimi na wewe tunajua Juzuu Amma unayo. Lakini jiulize kwa uaminifu ukifika kwenye ile aya ya Surat Abasa, mwanao ataona nini kwenye uso wako. Na kuna kitu chuoni ambacho nyumbani hakipatikani: kusoma kwa sauti moja na wenzio, kurudi njiani mkigawana mabuyu. Ukimtoa, mtafutie mahali pengine pa kukipata.

Mavyaa wako hujamsema vibaya, na nimekipenda hicho. Nina jambo dogo. Mtu wa umri wake, wa pwani hii, haiwezekani awe hana kisa wala utenzi wala kasida kichwani. Elimu ya dini kwetu imepita kwenye tenzi kabla haijapita kwenye fimbo. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mwaka 1858, mgonjwa, alipotaka kumwachia bintiye wasia wa dini na dunia, aliutunga kwa beti, na cha kwanza alichofanya ni kumwita asogee, akae karibu. Muulize mavyaa yeye alifundishwa nini na bibi yake, kwa mdomo. Usimuulize kama mtego. Huenda ukagundua kwamba mwanamke anayedai fimbo amebeba sandukuni visa vingi kuliko wewe, na hakuna aliyemuomba avitoe tangu ulipoingia na video zako. Hatari yake naijua: anaweza kukuletea zimwi na nyoka wa kaburini. Basi kaa karibu, nyonyesha, sikiliza. Na mwana akikaa mapajani mwa nyanya yake wiki mbili, hata neno la fimbo hulegea lenyewe. Wakati mwingine halilegei, hapo itabidi mume wako aache kuitikia huku na huku aseme moja, na hilo ni mazungumzo yenu wawili, si ya mtoto kuyasikia.

Kitanda. Mpeleke hospitali apimwe mkojo. Mtoto aliyekuwa mkavu miaka 5 akaanza tena, mara nyingi ni hofu, lakini maambukizi ya njia ya mkojo, kufunga choo, hata kisukari huanza hivyo, na dakika kumi za kipimo zitakuondolea wasiwasi. Weka mpira chini ya shuka, shuka la pili karibu, na mbadilishe gizani bila maneno.

Na yale maneno ya saa tisa. Umeyaita mabaya kuliko kupiga, sitabishana nawe wala sitakutwika zaidi. Ila yafute kwa ulimi ule ule. Imepokewa kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, na kwa mtoto mpaka abaleghe. Mwanao anakojoa akiwa amelala na akiwa mtoto. Kalamu imeinuliwa mara mbili. Mwambie hivyo, mchana, mkiwa mnaanika shuka: "Mama alikosea. Malaika hakuandika kitu." Tena mwambie Mtume aliwahi kukojolewa nguoni na mtoto mchanga aliyepakatishwa, akaagiza maji akanyunyiza pale, basi. Watoto wa miaka 8 hucheka sana kwa hilo, na kicheko hicho kina kazi.

Turudi kwenye simu. Saa za Doha na za Mombasa ni zile zile, kwa hiyo Isha yenu haipishani sana. Mwambie mume wako apige usiku mmoja mkiwa kitandani, taa imezimwa, wenzake hawapo karibu, na aseme: "Uliniuliza swali siku ya Idi, nikacheka. Jibu ni la. Sitakuchinja, wala sitaota hivyo, na ningekuwa hapo ningekukumbatia." Mtoto anaweza kusema amesahau, au kwamba alikuwa anatania tu. Baba asiseme, "Haya, basi." Alitamke lote mpaka mwisho, kisha amuulize yule mbuzi alikuwa anaitwa nani.